Nywila ya Mhadhiri Mpya

Mhadhiri mpya wa Kiswahili anapoajiriwa katika chuo kikuu nchini Kenya, kabla hajashika chaki hufunguliwa akaunti: ya barua pepe, ya maktaba, ya mfumo wa kuingizia alama. Hupewa nywila ya muda, huamriwa aibadilishe, kisha hutakiwa kuzikubali kanuni za matumizi. Aghalabu hayo yote huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Kisingizio kwamba istilahi hazipo hakina mashiko. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Istilahi zipo; wataalamu wangali wanavutana tu baina ya nywila na nenosiri, tarakilishi na kompyuta. Na wavutane! Hata hivyo, idara zinazofundisha tafsiri zina matini halisi mlangoni mwao: mwongozo wa akaunti, kurasa chache tu. Ni idara ipi iliyowahi kuwapa wanafunzi wake zoezi hilo, ikaipeleka tafsiri yao kwa wasimamizi wa mitambo?