Waliorudi kutoka kifo tuwasikilize, lakini tusiwafanye mashahidi wa mahakama

Ni vigumu kupata mtu mzima hapa Baraka au kule Fizi-centre ambaye hajasikia ushuhuda wa namna hii: mgonjwa alikata roho, wamama wakaanza kulia, kisha baada ya muda akafumbua macho na kuomba maji. Anaeleza kwamba alitoka ndani ya mwili wake, akapita gizani, akaona mwangaza, akakutana na baba yake aliyezikwa zamani, akaambiwa saa yake haijafika. Kanisani watu wanapiga vigelegele. Nje ya kanisa vijana waliosoma wanacheka na kusema ni ubongo tu uliokosa hewa.

Kwa maoni yangu, vijana hao wako karibu zaidi na ukweli kuhusu namna jambo hili linavyotokea, lakini kicheko chao hakina sababu. Aliyeona, ameona. Hasemi uongo.

Tuanze na magonjwa yetu. Kipindupindu hakiishi kando ya Ziwa Tanganyika, na malaria ndiyo inayojaza vitanda vya watoto. Mgonjwa wa kipindupindu aliyepoteza maji mengi anakuwa baridi, macho yanaingia ndani, sauti inapotea, na hata mganga mwenye uzoefu anaweza kugusa mkono wake asisikie mshipa ukipiga. Anapowekewa serumu lita kadhaa, baada ya saa chache anaketi na kuongea. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuishiwa sukari katika damu akaingia koma, halegezi wala hakazi, haitiki. Akipewa glukozi kwenye mshipa, mara nyingine anaamka ndani ya dakika chache. Kwa mama aliyekwisha kumfunika mtoto kitambaa usoni, huo ni ufufuo. Lakini katika vijiji vingi nani anathibitisha kifo? Hakuna daktari, hakuna mashine ya moyo. Kuna jirani anayeweka kiganja mbele ya pua.

Kwa hiyo wengi tunaosema walikufa, walikuwa mlangoni. Hilo halipunguzi neno lolote la yale waliyoona huko mlangoni, na wanasayansi wenyewe wameyachukua kwa uzito. Mwaka 2001, daktari wa moyo Pim van Lommel wa Uholanzi na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama ikaamshwa tena katika hospitali kumi. Watu 62 kati yao walikuwa na maono ya kusimulia. Wengine wote hawakukumbuka chochote, ingawa mioyo yao pia ilisimama. Mwaka 2023 kundi la Jimo Borjigin huko Michigan, Marekani, lilieleza habari za wagonjwa wanne waliokuwa wakifa huku mashine zikipima ubongo. Baada ya mashine ya kupumulia kuondolewa, bongo mbili kati ya hizo ziliwaka kwa nguvu badala ya kuzimika polepole. Wote wanne walikufa, basi hakuna aliyeweza kuulizwa aliona nini.

Jambo linalotugusa zaidi sisi wa Kivu ya Kusini ni la ketamini. Mwaka 2019 Charlotte Martial wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na wenzake walilinganisha simulizi za watu waliokaribia kufa na simulizi za watu waliotumia dawa mbalimbali zinazobadili akili. Dawa iliyofanana zaidi na kifo ilikuwa ketamini. Na ketamini ni dawa ya usingizi inayotumika sana katika hospitali zisizo na vyombo vingi, kama zetu, kwa sababu haimzuii mgonjwa kupumua na haihitaji mashine kubwa. Mama akitoka kupasuliwa ili azae, akasema aliruka juu ya kitanda na kuona mwili wake chini, mchungaji angefanya vema kuuliza kwanza alipewa dawa gani. Sisemi swali hilo linamfukuza Mungu. Linatusaidia tu tusikimbilie tafsiri.

Na wale wanaocheka nao wasikilize. Sayansi haijamaliza kesi hii. Daktari Sam Parnia na wenzake waliweka picha mahali pa juu katika vyumba vya hospitali, picha ambazo ni mtu anayetazama kutoka darini tu angeziona. Hadi sasa hakuna mgonjwa aliyezitaja. Hata hivyo baadhi ya walioamshwa walieleza kumbukumbu zilizopangika vizuri, wakati ambapo ubongo ulipaswa kuwa kimya. Namna gani hilo linawezekana, wataalamu bado wanabishana. Mwenye imani ana nafasi yake katika ubishi huo.

Ila kuna jambo moja ambalo mwenye imani lazima alitafakari. Watu wanaona kile walicholelewa nacho. Watafiti Satwant Pasricha na Ian Stevenson waliandika mwaka 1986 juu ya watu 16 wa India waliorudi. Baadhi yao walisema walichukuliwa na wajumbe, wakafikishwa mbele ya mtu mwenye kitabu, ikaonekana kwamba limeletwa jina lisilo lake, wakarudishwa. Makosa ya ofisi! Mkristo wa Fizi anamwona Yesu, Mhindi anamwona karani. Kama wote wawili wametembelea mahali pamoja, basi kila mmoja ameingia na miwani yake.

Maandiko yenyewe ni makimya kuliko wahubiri wetu. Lazaro alikaa kaburini siku nne, lakini Injili ya Yohana haitoi hata neno moja la aliyoyaona. Paulo anawaandikia Wakorintho juu ya mtu aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu, kisha anasema aliyoyasikia huko mwanadamu hana ruhusa kuyatamka. Ndugu zetu Waislamu wanafundishwa kwamba nyuma ya wafu kuna barzakh, kizuizi hadi siku ya kufufuliwa. Nani basi amewapa wengine kibali cha kutangaza kwenye kipaza sauti nani wako motoni?

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mtu akirudi na kusema aliona mwangaza, hakuna anayeumia. Akirudi na kusema alimwona mama mzee fulani wa kijiji akimfunga kamba, usiku huohuo nyumba ya mama huyo inaweza kuchomwa. Haya si mawazo tu. Mwaka 2021 vyombo vya habari viliandika juu ya wanawake waliouawa katika jimbo letu, baada ya bajakazi, wale wanaojiita watumishi wa Mungu, kuwataja kuwa wachawi. Wengi wanaotajwa ni wajane na wazee, watu wasio na mtoto wa kiume wa kuwasimamia.

Wachungaji, mashehe na machifu wa Fizi wanaweza kukubaliana jambo moja bila kumaliza ubishi wa roho na ubongo: ushuhuda wa aliyerudi usimguse mtu aliye hai kwa jina. Na anayezimia apelekwe kituo cha afya kabla ya chumba cha maombi, maana glukozi na serumu havingoji.

Baadhi ya wagonjwa waliotoka katika koma wanasema walikuwa wakisikia sauti za waliokaa karibu nao. Mama mzee aliyeonekana katika maono, kabla hatujamwita mchawi, tuulize kwanza nani alikesha kando ya kitanda siku zile tatu akimpangusa mgonjwa jasho.