Tuige Mkono, Tusiibe Jina



Shule yetu ni ya kutwa, na kila jioni tukitoka hapa tunapita kando ya meza za wauza urembo pale stendi. Nina hakika kila msichana (na wavulana pia, msijifiche!) ameziona herini ninazotaka kuzizungumzia: jiwe la samawati lenye mistari myeusi kama mizizi, madini yaliyofifia utadhani yamefukuliwa ardhini jana, na pengine manyoya mawili matatu yakining'inia. Wauzaji huziita "za kikauboi". Kumbe mtindo huo una kwao, na kwao si kwa makauboi. Ni kusini-magharibi mwa Marekani, hasa katika majimbo ya Arizona na New Mexico, na wenyewe ni watu walioishi huko kabla Mzungu hajafika.

Mbona nawasumbua na habari za mbali hivyo? Sababu iko hapa hapa shuleni. Wenzetu wa klabu ya ufundi wanatengeneza herini za mtindo huo kwa mikono yao ili ziuzwe Siku ya Wazazi. Nawapongeza kwa dhati. (Mwalimu wa nidhamu asishtuke. Tutaziuza, hatutazivaa darasani.) Lakini kuna pendekezo kwamba kila jozi ifungwe kwenye kadi iliyoandikwa: "Herini halisi za Navajo, jiwe la feruzi." Eti kwa kadi hiyo jozi ya shilingi 100 itakwenda kwa shilingi 300. Mimi napinga. Sizipingi herini, naipinga kadi. Rai yangu ni moja tu: tuige mkono wa watu hao, lakini tusiibe jina lao.

Kwanza tuwajue. Wanavajo wenyewe hujiita Diné. Majirani zao ni Wazuni, Wahopi na watu wa kijiji cha Kewa, ambacho zamani kiliitwa Santo Domingo. Wageni waliwaita "Wahindi" kwa sababu Wazungu wa kwanza walipotea njia baharini wakadhani wamefika Bara Hindi! Zamani, kabla ya kujua kufua fedha, herini ya Mnavajo ilikuwa kitanzi cha shanga ndogo za feruzi na kombe, kimetungwa kwa uzi na kupitishwa sikioni. Vitanzi hivyo huitwa jacla. Mtu akizivua huzifunga chini ya mkufu wake zisipotee, na hata leo utaona mikufu ya huko yenye jacla mbili zikining'inia kifuani.

Ufundi wa fedha ulikuja baadaye. Mnavajo anayetajwa kuwa wa kwanza ni Atsidi Sani, aliyejifunza kwa mhunzi wa Kimeksiko katikati ya karne ya 19. Halafu yakaja mateso. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu ya Wanavajo kwa miguu hadi kambi ya Bosque Redondo, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Waliruhusiwa kurudi kwao mwaka 1868. Ni baada ya kurudi ndipo kazi ya fedha ilipoenea miongoni mwao. Karibu mwaka 1872 Mzuni aitwaye Lanyade alifundishwa na Mnavajo, na karibu mwaka 1898 Lanyade huyo huyo akamfundisha Mhopi aitwaye Sikyatala. Yaani ufundi ulipita mkono kwa mkono, mwalimu akijulikana na mwanafunzi akijulikana.

Na je, ule ukwaruukwaruu unaowapendeza watu ulitoka wapi? Ulitoka katika uhaba. Hawakuwa na duka la vifaa. Waliyeyusha sarafu za dola, na serikali ilipokataza jambo hilo mwaka 1890, wakayeyusha peso za Meksiko. Chapa za kugongea maua walijichongea wenyewe kwa vyuma chakavu kama tupa kuukuu, wakiiga chapa ambazo Wameksiko walipambia ngozi za matandiko ya farasi. Alama ya nyundo ikibaki juu ya fedha, ikabaki. Miaka ya 1930, dunia nzima ilipokumbwa na hali ngumu ya uchumi, mafundi wa Kewa walikosa hata mawe. Walifanya nini? Walikata magamba meusi ya betri za magari na sahani za santuri zilizovunjika, wakayapachika pamoja na vipande vya feruzi, wakapata herini na mikufu. Leo vitu hivyo vinatafutwa na wakusanyaji wa sanaa. Jamani, hao si mafundi wa Jua Kali kabisa?

Hapo ndipo penye somo letu. Kwa wenzetu hawa, kukwaruzika kwa pambo hakukuwa pozi. Fundi alitumia kilichopo, akakitendea haki.

Najua hoja ya upande wa pili, kwa kuwa nimeisikia mara nyingi wakati wa mapumziko: "Kwani wao hawakuiga? Walijifunza kwa Wameksiko. Mbona sisi tukatazwe?" Ni hoja nzuri na inastahili jibu. Ni kweli waliiga. Lakini waliiga ufundi, wakaubadilisha hadi ukawa wao, kisha wakauita wao. Hatusikii kwamba Atsidi Sani alifua hatamu akamwambia mnunuzi, "Hii imefuliwa na Mmeksiko." Kujifunza kwa mtu ni jambo moja. Kujifanya mtu huyo ni jambo lingine. Mwanafunzi anayesoma insha ya mwenzake akapata mwanga tunamsifu. Anayefuta jina la mwenzake akaandika lake, au akaandika ya kwake ovyo na kutia jina la mwenzake juu, huyo tunampeleka kwa mwalimu.

Tena jambo hili limewaumiza wenyewe. Uongo wa namna hiyo ulizidi hata Marekani ikatunga Sheria ya Sanaa na Ufundi wa Wahindi ya mwaka 1990. Kwa sheria hiyo ni kosa kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na Wahindi wa Marekani ilhali sivyo. Mtu akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi dola 250,000 au kufungwa hadi miaka 5, au vyote viwili. Si maneno matupu. Mwaka 2018 mahakama ya New Mexico ilimfunga mfanyabiashara miezi 6 kwa kuuza mapambo yaliyotengenezwa Ufilipino kana kwamba yametoka mikononi mwa mafundi wa huko. Hebu fikirini: fundi wa kweli ametumia siku nzima kufua jozi moja, anafika sokoni anakuta "jozi halisi" kwa bei ya mahindi ya kuchoma. Atakula nini?

Na jiwe je? Jiwe la samawati la bei rahisi mara nyingi si feruzi. Liko jiwe jeupe liitwalo haulaiti, lenye mistari yake ya asili ya kijivu na nyeusi. Likitiwa rangi ya samawati macho hayatambui. Hilo si dhambi, ni jiwe zuri lenye haki ya kuvaliwa. Dhambi ni kuliita feruzi. Kwa Wanavajo feruzi si rangi tu. Ni mojawapo ya vitu vyao vinne vitakatifu, pamoja na kombe jeupe, kombe la abaloni na jiwe jeusi, kila kimoja na upande wake wa dunia. Feruzi ni ya kusini.

Hata alama zao si za kuokotwa ovyo. Mfano ni ile alama ya magogo yanayozunguka, iliyokuwa ya baraka kwao kwa miaka mingi. Wanazi wa Ujerumani walipotumia umbo kama hilo kwenye bendera yao, wawakilishi wa Wanavajo, Wahopi, Waapache na Wapapago walikutana Arizona mwaka 1940 wakatia sahihi tangazo la kuacha kuitumia katika kazi zao. Waliamua wao, kwa sababu alama ni yao. Anayenakili alama kutoka pichani hajui ipi ni pambo tu na ipi ni sala. Akiwa hajui, aiache.

Sasa turudi kwetu, maana mkuki kwa nguruwe. Shanga za Wamaasai ni za kioo, na nyingi zililetwa na wafanyabiashara kutoka Ulaya, hasa Bohemia, katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Cheki. Lakini hakuna asemaye kwamba mkufu wa Kimaasai ni wa Kicheki! Akina mama walizipa zile shanga mpangilio, rangi na maana, ndiyo sababu sanaa ni yao. Kiwanda cha mbali kikichapisha mkufu wa plastiki na kuuita wa Kimaasai, sisi Wakenya hupiga kelele, na tuna haki. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mirabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii ilipitishwa. Haiwezekani tulie tukiibiwa na tucheke tukiiba.

Basi tufanye nini? Sitaki kuwa mtu wa kukosoa tu, kwa hivyo napendekeza jozi ya kwetu.

Tuchukue mabaki ya waya nene ya shaba kwa fundi anayetandika umeme nyumbani kwa watu, kwa ruhusa yake. Waya iliyokatwa kwenye nguzo za umeme hatuitaki, hiyo ni wizi mtupu. Plastiki tuivue kwa kisu. Tusiichome, moshi wake ni sumu. Kisha shaba iwekwe kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, itumbukizwe majini, nayo italainika ikunjike kama uzi. Tukate vipande viwili vya urefu sawa, tuvikunje umbo la tone, tuviweke juu ya chuma tuvigonge viwe bapa. Nyundo hurudisha ugumu. Ncha ya msumari ituchapie mistari na nukta tulizozibuni sisi. Katikati tuning'inize kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichosuguliwa kwa msasa, au shanga moja ya kioo ya samawati.

Na ule uzee wa rangi? Hapa wa Kemia watafurahi. Chemsha yai mpaka liive sana, liponde likiwa moto, litie ndani ya mkebe pamoja na herini, lakini visigusane, ufunike. Gesi ya salfa itokayo kwenye yai itaifanya shaba iwe nyeusi-nyeusi. Ukisugua sehemu zilizoinuka, zinang'aa, na mabonde yanabaki meusi. Kulabu ya kuingia sikioni inunuliwe ya chuma kisichoshika kutu, maana shaba huacha rangi ya kijani kwenye ngozi ya watu wengi. Na herini iwe nyepesi, sikio la mtu si msumari wa kutundikia koti!

Kadi nayo iandikwe hivi: "Zimetengenezwa kwa mkono na wanafunzi wa shule hii. Shaba, mfupa na kioo. Tumejifunza kwa kutazama kazi za mafundi wa Navajo, Zuni, Hopi na Kewa." Haina neno "halisi" wala "feruzi", na bado inawataja walimu wetu.

Mtaniambia hatutapata zile shilingi 300. Huenda. Lakini mzazi akijua mwanawe ndiye aliyegonga shaba ile, na ya kwamba kila neno la kadi ni kweli, atarudi mwaka ujao na jirani yake. Akigundua alidanganywa na watoto wa shule, hatarudi, na kila tutakachouza baadaye atakitilia shaka, hata magazeti haya ya Chama cha Kiswahili.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wafua fedha wa Arizona na New Mexico walinyimwa ardhi, wakaswagwa kama mifugo, wakabaki na mikono yao na jina lao. Mikono yao inaweza kutufundisha mengi. Jina tuwaachie.