Picha Isiyo na Majina ni Bubu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha alizopiga kwa simu katika Mji Mkongwe wa Zanzibar: kuta za mawe zilizobanduka chokaa, boriti za mikoko zilizochomoza, mlango wa nakshi uliopauka kwa jua. Picha zilikuwa nzuri. Chini ya moja aliandika, "Mashimo ukutani." Nilisikitika. Vile vilikuwa vidaka, ambavyo Waamu huviita zidaka.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka. Picha zake tunazo tele. Lakini nyumba ndogo za vichochoroni zikianguka, huanguka na msamiati wake: daka, baraza, kizingiti, mfaa. Neno lililopotelewa na kitu chake halikawii kusahaulika.

Rai yangu ni hii: tuzipige picha nyumba hizi kuukuu zingali zimesimama, na kila picha tuiandikie majina ya sehemu zake kama wayatajavyo mafundi na wazee wa mtaa. Mshairi wa kesho atayahitaji.