Usikope pesa kununua kamera ya uso ulio konani

Leo naweka kando mambo ya msimbo nizungumzie jambo ambalo limenikera kwa muda. Kuna aina moja ya video ambayo wacheza gemu wa YouTube wanaipenda mno: ile ya "karibuni mwone chumba ninachorekodia". Mlango unafunguliwa, taa za zambarau zinawaka, kisha tunaonyeshwa kamera ya bei ya pikipiki, kipaza sauti kinachoning'inia kama popo, na rafu ya gemu zilizopangwa kwa rangi. Dakika kumi na tano baadaye mtazamaji anajua jina la kila kifaa, na hajui lolote kuhusu jinsi video yenyewe inavyotengenezwa.

Mimi naziita video za samani. Kinachofanya video ya gemu ipendeze hakionekani kwa urahisi: kiko ndani ya kompyuta (tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili bado ananisoma), kiko kwenye waya, na kiko katika umbali kati ya mdomo na kipaza sauti. Kwa kuwa hakionekani, vijana wetu wananunua kinachoonekana. Majuzi mwanafunzi mmoja wa chuo aliniandikia akiuliza kama achukue mkopo wa simu anunue kamera ya 4K, ili aanzishe chaneli ya gemu za kandanda. Kompyuta anayo, na kadi yake ya michoro ni nzuri. Nilimjibu asikope, na sababu nilizompa ndizo hizi, pamoja na nyingine nilizokumbuka baadaye.

Kwanza hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Video ya kawaida ya YouTube ina pikseli 1920 kwa 1080. Uso wa mchezaji huwekwa kwenye kisanduku kidogo konani, tuseme robo ya upana na robo ya urefu. Hiyo ni pikseli 480 kwa 270, jumla 129,600. Kamera ya 4K inatoa pikseli 8,294,400 katika kila fremu. Gawanya. Ni mara 64! Yaani katika kila pikseli 64 ulizokopea pesa, mtazamaji anapata moja, na pengine anaitazama kwenye simu iliyopasuka kioo ndani ya matatu. Najua lenzi nzuri na kihisi kikubwa vina faida zake gizani. Lakini ukiwa na dirisha, gizani unatafuta nini?

Gemu yenyewe nayo hairekodiwi kwa kamera hata kidogo. Wengi wanaoanza hawalijui hili. Zamani ndiyo, watu walielekeza kamera kwenye runinga, na matokeo yake ni ile mistari myeusi inayopanda na kushuka. Runinga ya kioo kinene ilichora picha mstari kwa mstari, na kamera ilifungua na kufunga jicho lake kwa mwendo wake yenyewe, kwa hiyo mara nyingi ilikuta picha haijamaliza kuchorwa. Waliokuwa wajanja walipitisha waya wa gemu kwenye mashine ya kanda za VHS na kunasa picha kabla haijafika kwenye kioo. Wazo ni lile lile hadi leo: nasa mawimbi, usipige picha ya skrini.

Kwenye kompyuta ilikuwepo Fraps tangu 1999, iliyotupa mafaili makubwa ajabu. Kwenye mashine za gemu kulikuwa na kizuizi kingine. PlayStation 3 ilifunga picha inayotoka kwenye HDMI kwa kinga ya hakimiliki inayoitwa HDCP, na kadi ya kunasa ikaona giza tupu, kwa hiyo watu wakarudi kwenye nyaya za analogi. PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013 ilikuja na kitufe cha kurekodi na kushiriki kwenye kidhibiti chenyewe, na mwaka 2014 Sony wakaruhusu kinga hiyo izimwe wakati wa kucheza. Nadhani kitufe hicho kimezalisha wana-YouTube wengi kuliko kamera yoyote, ila hakipendezi ukikiweka mezani chini ya taa za zambarau.

Sasa niwape sehemu ninayoipenda mimi kama mtu wa programu. Picha ya 1920 kwa 1080, baiti 3 kwa kila pikseli, fremu 60 kwa sekunde, ni takriban megabaiti 373 kila sekunde. Dakika moja tu ni gigabaiti 22. Hakuna diski ya mwanafunzi inayostahimili hayo, kwa hiyo lazima video ibanwe papo hapo huku gemu ikiendelea. Kazi hiyo ya kubana ndiyo iliyokuwa ikiwatesa watu, kwa kuwa ilikula nguvu za prosesa ile ile inayoendesha gemu. Ndiyo maana wana-YouTube wakubwa walikuwa na kompyuta mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya kubana. Video za samani bado zinatuonyesha kompyuta mbili kana kwamba ni sharti la kuingia klabu. Lakini mwaka 2012 Nvidia walianza kuweka ndani ya kadi zao za michoro kipande maalum cha kubana video, ambacho hakifanyi kazi nyingine. Mwaka huo huo ikatoka OBS, programu huria na ya bure. Kwa mchezaji wa kawaida, kompyuta ya pili ilipoteza maana siku hizo. Mdogo wangu aliyeniandikia anacho kipande hicho ndani ya kadi yake, hakijawahi kutumika, na yuko mbioni kutafuta mkopo!

Na ndani ya OBS kuna mambo mawili ambayo ningeyachora ukutani. La kwanza, inaweza kuandika sauti katika njia sita tofauti ndani ya faili moja. Weka gemu njia yake, sauti yako njia yake, marafiki mnaopiga soga nao njia yao. Ukikohoa wakati bao linafungwa, unafuta kikohozi na bao linabaki. Ukichanganya zote tangu mwanzo hakuna kamera duniani itakayokuokoa. La pili linatuhusu sana sisi wa stima ya kupotea bila hodi. Faili ya MP4 ya kawaida huandika orodha yake ya yaliyomo mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Stima ikipotea dakika ya hamsini, orodha haijaandikwa, na faili haifunguki. Chagua MKV, utapoteza sekunde za mwisho tu, kisha OBS yenyewe itakugeuzia kuwa MP4. (Mwaka 2024 waliongeza aina ya MP4 inayostahimili ajali hizo, kama toleo lako ni jipya.) Sijawahi kusikia hili likitajwa kwenye ziara ya chumba. Labda wanakorekodia stima haipotei.

Tukiwa kwenye stima, kuna ushauri mmoja wa Marekani unaotuharibia video huku. Umeme wa kwao hukamilisha mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50. Taa nyingi za bei rahisi humeta mara mbili ya hapo: kwao 120, kwetu 100, haraka kiasi kwamba jicho halioni ila kamera inaona. Mwalimu wa kule anakuambia weka shata ya kamera kwenye 1/60. Kwake ni sawa, kila fremu inapokea kumeta kuzima mara mbili. Hapa Nairobi kila fremu inapokea moja na nusu na ushee, fremu hii ina mwanga zaidi na ile ina mwanga pungufu, na uso wako unapwitapwita kama taa ya disko. Kijana anadhani kamera yake ni mbovu. Weka 1/50, au 1/100 kama unarekodi fremu 60. Kamera ndogo za kompyuta nyingi zina mahali pa kuchagua 50 au 60 kwenye mipangilio yake. Ni bure. Au rekodi mchana dirishani, jua halimeti.

Sauti ndiyo ningeiweka mbele ya vyote, na hapa nakubali kwamba kutumia pesa kidogo kuna maana. Lakini tazama umbali kwanza. Ukisogeza kipaza sauti kutoka sentimita 60 hadi sentimita 15, sauti yako inaongezeka takriban desibeli 12, huku jogoo wa jirani, bodaboda na mvua juu ya mabati vikibaki pale pale vilipokuwa. Kipaza sauti cha bei ya chini karibu na mdomo kinakishinda cha bei ghali kilichofichwa mbali ili kisionekane kwenye picha. Mwangwi wa chumba kitupu unapunguzwa na vitu laini: godoro lililosimamishwa, blanketi, leso mbili tatu zenye mikunjo. Haipendezi kwa macho, najua. Kamera igeuze upande mwingine.

Kuna wanaoniambia, "Wewe ni mtu wa kompyuta, hujui kwamba mtazamaji anavutwa na picha." Sikatai. Hata hivyo mtazameni James Rolfe, yule wa Angry Video Game Nerd. Alisomea filamu Philadelphia, na mwaka 2004 akatengeneza video yake ya kwanza ya kuilalamikia Castlevania II. Mwaka 2006 watu wakaanza kumtazama YouTube. Shati jeupe, kalamu mfukoni, gemu za zamani za mashine yenye picha ya pikseli 256 kwa 240. Kilichombeba ni kwamba anaandika maneno yake kabla ya kusema, anajua wapi pa kukata, na anajua kuigiza hasira. Hivyo havipatikani dukani. Au tazameni My Life in Gaming na mfululizo wao kuhusu nyaya za RGB. Wale wanakuonyesha kila waya na sababu yake, na ukimaliza kuwatazama unaweza kurekebisha kitu nyumbani kwako.

Kwa nini wengine hawafanyi hivyo? Ninayo shaka yangu. Chini ya video ya samani huwa kuna orodha ya viungo, na ukinunua kupitia kiungo, mwenye chaneli anapata kamisheni. Si dhambi, mtu anakula kwa jasho lake. Ila hakuna kiungo cha kuuza dirisha, wala shata ya 1/50, wala faili ya MKV. Visivyouzika havitajwi. Na mara nyingine kifaa kililetwa na kampuni yenyewe. Mwaka 2015 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na mtandao wa Machinima kwa sababu wana-YouTube wake walilipwa waisifu Xbox One bila kuwaambia watazamaji. Watazamaji walikuwa wanaona tangazo na kuliita maoni. Kwa hiyo unapoona kiti kinasifiwa kwa dakika tatu katika video inayohusu kurekodi, uliza kiti kinarekodi nini.

Na linaloniuma hasa ni riba. Kijana wa Marekani akinunua kamera asiyoihitaji amepoteza pesa za kazi ya likizo. Wetu akikopa kwa simu, mwezi ukiisha mkopo unadai, na chaneli mpya haimlipi mtu mwezi wa kwanza. YouTube ina masharti ya idadi ya wafuasi na saa za kutazamwa kabla ya kukuruhusu kugawana mapato ya matangazo. Nani atalipa katikati hapo? Kwa kawaida ni mama.

Kama ni lazima utumie, mpangilio wangu ni huu: kipaza sauti cha kawaida na kishikio cha kukileta mdomoni, na kama unachezea mashine ya gemu isiyorekodi yenyewe, kadi ya kunasa. Uso upige kwa simu uliyonayo. Hapo tahadhari moja: simu nyingi hurekodi kwa mwendo wa fremu unaopanda na kushuka, na programu za kuhariri zikipewa faili hiyo, mdomo na sauti huanza kuachana. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, uchague mwendo wa fremu usiobadilika. Kisha piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na moja mwishoni. Saa ya simu na saa ya kompyuta hazilingani kabisa. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni inatosha kuleta sekunde 0.18 kwa saa moja, ambazo ni karibu fremu 11. Kofi la mwisho litakuonyesha wameachana kiasi gani, nawe utavuta sauti ilingane.

Kwa nyinyi wenye chaneli kubwa, najua wachache mnasoma Kiswahili, hivi ndivyo ningependa kuona mkitukaribisha tena. Fungueni dirisha la OBS, tuone njia za sauti na namba mlizoweka. Tuwekeeni sekunde thelathini za sauti kabla haijasafishwa, na sekunde thelathini baada. Tuonyesheni mmerudia sentensi ya kwanza mara ngapi. Video hiyo nitaitazama mpaka mwisho, hata taa za zambarau zikiwemo.