Liemba na Mashine ya Babu

Juma lililopita nilikuwa nyumbani Old Moshi. Mwanangu, aliyesoma habari za Ziwa Tanganyika shuleni, aliniuliza: "Baba, chuma kikikaa majini miaka minane, hakiozi?"

Ndugu msomaji, alikuwa akiuliza habari za meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kusafirishwa kwa reli kuelekea Kigoma. Huko ikaunganishwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa majini.

Mwezi Julai, 1916, Wajerumani walipoona vita vinawaelemea, waliizamisha wenyewe isitekwe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaikuta mitambo ingali yafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilikwenda kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Katika vijiji visivyo na gati, abiria na mizigo yao walipanda kutoka mitumbwini. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo.

"Kwa hiyo ni mafuta yaliyoiokoa?" mtoto akauliza. Nikajibu kwamba ni mafuta, na mikono ya waliojali.

Mama yangu, aliyekuwa akimenya ndizi, akasema bila kuinua uso: "Basi mwoneshe na mashine ya babu yake."

Nilinyamaza. Mashine ile ya kumenya kahawa, marehemu baba aliipaka mafuta kila msimu ulipokwisha, kisha akaifunika gunia. Ndiyo iliyonilipia karo. Tangu alipofariki, kila mmoja wetu alidhani mwenzake anaitunza. Nilipoufikia mpini wake chini ya banda, haukuzunguka.

Adui aliitunza mali aliyokuwa akiizamisha. Mimi niliacha kutu ile urithi wangu palipo pakavu!

Jioni ile tuliifungua, mimi na mwanangu, tukaisugua kwa mafuta ya taa. Mpini umesogea robo tu ya mzunguko. Tutarudi mwisho wa mwezi, kabla kahawa haijaiva. Nawe, ndugu msomaji, kitazame kile ulichoachiwa. Kitunze kidumu.