Maniema: Timu imepanda, kiwanja kimebaki nyuma

Msimu wa 2024-2025, AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ilipangwa pamoja na Raja Casablanca na AS FAR za Moroko, na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Kwa timu iliyoundwa mwaka 2005 tu, hiyo si hatua ndogo. Lakini mechi zake za nyumbani zilichezwa Kinshasa, kwenye uwanja wa Martyrs, zaidi ya kilometa elfu moja toka Kindu. Mshabiki wa Kasuku, Mikelenge ao Alunguli aliitazama timu yake kwenye televisheni, sawasawa na mshabiki wa Sundowns aliyebaki Pretoria.

Sababu ni kanuni. Uwanja wa Joseph Kabila Kabange unapokea mechi za ligi ya taifa, lakini CAF hairuhusu mashindano yake kuchezwa pahali ambapo wakaguzi wake hawajapapasisha. Tangu mwaka 2021 imekaza kamba: inapima ardhi ya kuchezea, taa, vyumba vya wachezaji, viti, hata nafasi ya waandishi wa habari. Mataifa mengi ya Afrika yalijikuta yakipokea wageni wao katika nchi ya jirani.

Zamani mambo hayakuwa hivyo, hata kwa wakubwa. Mwaka 1974, Zaire ilipocheza Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, mechi ya wenyeji na Poland huko Frankfurt ilichelewa kwa sababu kiwanja kilijaa maji ya mvua, na wazima moto wakaitwa kuyavuta kwa pampu. Mwaka 1977 huko Derby, Uingereza, matope yalifunika alama ya penalti. Mtunza kiwanja aliingia na kopo la rangi, akaichora upya katikati ya mchezo. Hiyo ilikuwa ligi ya daraja la kwanza! Kwa hiyo anayesema viwanja vibaya ni jambo la Afrika tu amesahau historia ya karibu.

Kilichobadilisha Ulaya kilianzia chini ya ardhi. Walichimba, wakaweka mabomba ya kutoa maji, wakamwaga mchanga, ndipo wakapanda nyasi. Katika miaka ya 1990 walianza kushindilia nyuzi za plastiki hadi sentimita 20 chini ili mizizi ya nyasi za kweli izishike, na ardhi isichimbuke wachezaji wanapoteleza. Leo mpira unateleza juu ya kiwanja kama juu ya meza, na mchezo wa pasi fupi fupi tunaousifu haungewezekana kwenye matope ya Derby.

Afrika ilipita njia nyingine: plastiki yenyewe. Waingereza walikuwa wameijaribu mapema, kwa timu ya Queens Park Rangers mwaka 1981, lakini ilikuwa kama zulia juu ya sementi. Mpira uliruka ovyo, magoti yakachubuka, na katika miaka ya 1990 ikatoweka katika ligi yao. Ni baada ya mwaka 2001, FIFA ilipoanza kuzipima na kuzipa vyeti, ndipo nyasi za plastiki zikawa za kuaminika. Kwa nchi yenye mvua kali, jua kali na mechi nyingi kwenye uwanja mmoja, zilikuwa jibu la haraka. TP Mazembe ilichapa Espérance ya Tunis mabao 5-0 katika fainali ya 2010 kwenye uwanja wa zamani wa komini ya Kenya. Mwaka uliofuata ilifungua uwanja wake wenyewe pale Kamalondo, wenye nyasi hizo. Klabu moja ilifanya kwa pesa zake kazi ambayo majimbo mazima bado yanaingojea.

Hapa ndipo swali la Maniema linakuwa gumu. Kuleta zulia la plastiki Kindu, kwa reli ao kwa ndege, ni gharama, lakini ni gharama ya siku moja. Cheti cha juu cha FIFA kinadumu mwaka mmoja tu, kisha kiwanja kinapimwa upya. Nyasi zenyewe zinachakaa baada ya miaka kama kumi, na kabla ya hapo zinahitaji kuchanwa, kusafishwa na kuongezewa chembe za raba. Umoja wa Ulaya umeamua mwaka 2023 kwamba chembe hizo zisiuzwe tena kwao kuanzia 2031, kwa sababu zinachafua mazingira. Viongozi wa jimbo wawe macho: soko likifungwa kule, bei nafuu itatafuta wanunuzi huku.

Na uwanja mmoja wa mjini hautoshi. Mchezaji haanzii kwenye taa za CAF. Anaanzia kwenye kiwanja cha shule, Obokote ao ng'ambo ya Lualaba, kwenye udongo mwekundu unaokuwa jiwe wakati wa kiangazi na bwawa wakati wa mvua. Pale mtoto anajifunza kuinua mpira juu, maana ukiupitisha chini utagonga shimo. Tabia hiyo inamfuata hadi timu kubwa, na kocha anapoteza miaka akiifuta.

Kazi ya viwanja hivyo vidogo haihitaji meli toka China. Ni kusawazisha ardhi, kuinua katikati kidogo ili maji yakimbilie pembeni, kuchimba mifereji, kupanda nyasi zinazotambaa zinazoota zenyewe Maniema, na kukipumzisha kiwanja baada ya mvua kubwa. Tena inahitaji mtu mmoja anayelipwa kila mwezi kukitunza, na hapo ndipo mipango mingi inafia. Kukata utepe kunapata bajeti. Mshahara wa mtunza kiwanja haupati. Kabla jimbo halijaahidi uwanja wa kupokea tena Raja ao Sundowns, wakaaji wa Kindu wana haki ya kuuliza mstari huo uko ukurasa gani wa bajeti, na kwa miaka mingapi.