Ku masomo na ku hospitali, maji kwanza, kisha chakula chenye kujenga mwili

Kwa inchi zingine, serkali ya muji inaandika sheria juu ya mashine zenye kuuzisha vyakula ndani ya majengo ya watu wote: sukari kiasi gani, chumvi kiasi gani. Hapa Goma mashine hazipo. Tuko na meza ya mama ku mulango wa masomo na kantini ku hospitali. Lakini swali ni moja: pahali pa raia wote, nani anachunga chenye kinauzishwa?

Chupa ya Coca ya santilita 33 iko na gramu 35 hivi za sukari. Tangu 2015, Shirika la Afya Duniani linashauri hata mutu mukubwa asipite gramu 50 kwa siku. Na uchunguzi wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kama katika inchi yetu watoto 43 juu ya mia, wenye hawajafikisha myaka tano, wamedumaa. Biskwi na sucré zinajaza tumbo, hazijengi mwili.

Hatuseme mama wafukuzwe, hapana. Ile meza inalisha nyumba muzima. Mama anauzisha biskwi sababu haiozi, haiombi makala wala maji. Kumukataza bila kumusaidia ni kuongeza njaa mbili: yake na ya mutoto.

Kwa hiyo tunaomba muji na komuni zote mbili, Goma na Karisimbi:

1. Maji safi ya kunywa, bure, ku kila masomo, hospitali na biro ya serkali. Penye robine imekauka, sucré inashinda kila siku.
2. Kivuli, maji na takse ndogo kwa mwenye kuuzisha maharagi, mayai, ndizi, karanga ao sambaza.
3. Kisha hapo, sucré na bombo zitoke ndani ya viwanja vya masomo ya msingi.

Inawezekana. Mu 2023, serkali ya kaunti ya Nairobi ilianzisha Dishi na County: mwanafunzi analipa shilingi 5, anapata sahani ya moto.

Katiba yetu ya 2006, artikle 47, inahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Artikle 48, maji ya kunywa. Yeyote anayekaa ku kiti cha muji, deni ni hilo hilo.

Kijana, wiki hii pita ku masomo ya avenue yako. Uliza: robine iko wapi, na inatoa maji? Andika jibu, kusanya wazazi, pelekeni barua ku komuni.